Jiko la Pepo na Maziwa ya Omari

Nyie wenzangu, Bi Mgeni, Bi Halima na Bi Tatu, tangu nirudi kila mmoja kanivuta pembeni kwa wakati wake. Huyu kasikia nimesafiri na pepo ndani ya kopo. Huyu kasikia nimeshushwa garini Chake Chake kama mwizi. Huyu kasikia mjukuu wangu kanyonyeshwa na mtu wa njiani. Yote yana ukweli wake, na yote yamekaa upande. Mimi skuli sikuingia. Nilisoma chuo cha Kurani kwa marehemu Maalim Bakari, na hati yangu mwaijua, yapanda na kushuka. Lakini majina siyasahau. Basi naandika mara moja, mtasomeana, na mimi mniache nipumzike.

Kiuyu mpaka Konde

Mwajua nilivyoondoka. Mwanangu Asha alikuja kwetu kujifungua, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, na hakuinuka tena. Mola amrehemu. Kaniachia Omari, mwekundu, mdogo, na sauti kubwa kuliko mwili. Hapa Kiuyu waliokuwa wakinyonyesha wakati ule ni wawili. Mmoja homa, maziwa yamekauka. Wa pili mumewe alikataa, akasema nyumba yetu si ya chama chake. Jina lake ninalo.

Mkwe wangu Juma Shaame aliniletea salamu kutoka kwao Wambaa. Mguu umemvimba kwa mwiba wa samaki, hawezi kuja. Dadake, Raya, ana mtoto mchanga, na kasema mtoto wa kaka yake ni wake, aletwe anyonye. Mpaka tufike, Omari alikuwa akinywa maziwa ya unga. Na mkunga, Bi Zuhura, alinishika mkono akanitazama machoni: kila mara maji yachemke, yawe ya moto wa wakati ule ule. Ya kulala usimpe, ya kisima usimpe, ya mtu usimpe. Wamezikwa watoto kwa maji ambayo watu waliona haya kuyakataa.

Mwenzangu wa safari alikuwa wifi yangu, Bi Mize, dada wa marehemu mume wangu. Mwamjua. Hamezi mate bila kuyasomea kwanza. Njia nzima alikuwa akitafuna ubani wake na kutazama nyuma.

Mvua ilitukuta kabla ya Konde. Mtoto akalia njaa. Tukatafuta mawe matatu, tukaweka sufuria, tukakusanya makumbi ya nazi na vijiti. Moshi ulitoka mwingi wa kupikia harusi, moto hakuna. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Omari akalia mpaka akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikonitia hofu. Tukakimbia, wazee wawili na matope, mpaka baraza ya kwanza ya Konde.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Hidaya, mke wa Mzee Kombo mshona viatu. Hata jina hakuniuliza. Alimsikia mtoto, akakaa, akafungua kanga yake.

"Mlete," akanambia.

Mimi nikamkumbatia Omari nikarudi nyuma. Naona mwashangaa, na yeye alishangaa. Lakini fikirini. Mtoto akinyonya akashiba kwa mama huyo, akarudia na kurudia, keshakuwa mwanawe, na wanawe wote ni nduguze. Mimi ni mtu wa kupita. Konde na Kiuyu si mbali. Miaka ishirini ijayo mimi niko kaburini, Omari aje aone msichana mzuri Konde, apose, aoe, kumbe ni dada yake wa kunyonya. Nani atawaambia? Hivyo nikamwambia ahsante mwanangu, nipe moto tu.

Alinipa moto, lakini uso ulimbadilika. Akauliza kama sisi ni wa chama kingine. Nikamwambia mtoto huyu hana chama, ana njaa. Maji yakachemka kwa kuni mbichi zake, mtoto akanywa, na gari la Wete likapita huku mimi bado napoza maziwa. Tulilala Konde. Alitupikia muhogo wa nazi na dagaa, mtamu, na mimi nikaula huku nikitazama kama anatazama. Asubuhi ndipo aliponambia, kwa sauti ya mtu aliyekasirika lakini hataki uangamie, kwamba nikifika Wete nikanunue jiko la kubeba, maana kwa ubishi wangu nitamwua mtoto njiani.

Wete, dukani kwa Bwana Nanji

Bwana Nanji ana duka la kila kitu, kutoka sindano mpaka jembe. Nilimwambia nataka jiko jepesi la safari, la kuchemsha maji ya mtoto, lisilonuka. Akanipangia matatu juu ya meza.

La kwanza stovu ya pampu, ya shaba, yang'aa kama ya bibi arusi. Hiyo naijua, marehemu dada yangu alikuwa nayo. Yataka mafuta ya taa, yataka spiriti ya kuipashia, yataka sindano ya kuzibulia, na yataka mtu mwenye kifua. Nikaitia pakachani, nikajitwisha, nikatembea nayo kutoka mlangoni mpaka kwa mshonaji wa jirani na kurudi. Shingo ikaingia mabegani. Nikaitoa.

La pili la tambi za mafuta ya taa, bati tupu, jepesi. Nikalinusa. Mafuta yalikuwa yamevuja kwenye kifuniko kabla hata halijauzwa. Nikafikiri maziwa ya unga na nguo za mtoto ndani ya pakacha moja na jiko hilo. Nikalirudisha kwa ncha za vidole.

La tatu lilikuwa kopo, dogo, mfano wa kopo la maziwa ya Omari mwenyewe. Juu lina shingo, na juu ya shingo kichwa mduara chenye vitundu kama kichujio cha chai, na vijiguu vitatu vya kushika sufuria. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja. Jepesi mno. Mimi kitu kikiwa chepesi namna ile huuliza kimepunguzwa nini.

"Mafuta yake yaingia wapi?" nikamuuliza.

Akasema halina mafuta, lina gesi. Neno hilo sikulijua. Nikamuuliza tena. Bwana Nanji akajikuna kichwa, akatafuta neno la kunifahamisha.

"Ndani ya kopo mna pepo, mama. Ukifungua hapa, pepo hutoka. Ukiwasha, hupika. Ukifunga, hubaki ndani, husubiri."

Mimi nilifahamu. Pepo, upepo mwingi uliotiwa kopo ukafungwa, kama pumzi kwenye mpira. Lakini Bi Mize nyuma yangu aliacha kutafuna. Nilimsikia akisoma Ayatul Kursi kwa chini kwa chini.

Nikamwambia Bwana Nanji aliwashe nione. Akafungua, likatoa sauti, sssss, kama nyoka kakanyagwa. Bi Mize alikuwa keshafika barabarani. Moto wake ukawa mdogo, wa rangi ya samawati, hauna moshi, haunuki. Maji ya kikombe yakachemka nikiwa bado namuuliza maswali. Na maswali nilikuwa nayo. Nitajuaje limejaa? Mafuta ya taa nayaona chupani, nayatikisa, nayanusa. Hili halina macho. Huenda umeniuzia nusu. Huenda ulilipikia chai yako mwezi mzima. Nikalitikisa, likanyamaza. Nikaliweka sikioni, kimya. Bwana Nanji akacheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumpima jiko kwa sikio.

Nikamwambia, "Na likinifia njiani?"

"Likikufia, nirudishie. Niko hapa."

Wote husema wako hapa. Lakini nilifikiri kile kimya cha Omari njiani, nikalichukua.

Nje Bi Mize akanambia, "Wifi, umesikia mwenyewe alivyosema?" Nikamwambia nimesikia, ni upepo. Akasema upepo hausubiri. Mimi nikaona huu ni utani wa uchovu, nikampa mkate wa ajemi, tukaenda kituoni. Ningesimama pale nikamjibu vizuri, haya mengine nisingeyaandika.

Wete mpaka Chake

Garini kulikuwa kwema mpaka Omari alipotaka kula. Nikamwambia utingo, kijana mmoja jina lake Makame Ali, kwamba gari likisimama Chake nitachemsha maji kidogo. Akaniuliza kwa nini, nikamwonyesha kopo. Nikasema, kwa ujinga wangu, ndani hamna mafuta, mna kitu kimefungwa kwa nguvu na kikitoka chashika moto.

Mwajua zama tulizo nazo. Mtu akikupa maji siku hizi wamuuliza kwanza wa upande gani. Mwanamume mmoja wa kiti cha mbele, alijiita Bwana Said wa Vitongoji, akageuka akasema kwa utulivu kabisa, "Hilo ni bomu. Bibi katumwa."

Watu wakasogea wote upande mmoja, gari likainama. Dereva akasimamisha palepale tunapoingia Chake, tukashushwa, mimi, Bi Mize, mtoto na pakacha. Wakaniambia nilifungue hadharani. Wakasimama mbali, wengine nyuma ya mnazi, kana kwamba mnazi utawasaidia. Omari alikuwa akilia. Nikakaa chini kwenye majani, nikaweka sufuria, nikafungua, sssss, nikawasha. Moto mdogo wa samawati. Maji yakachemka, nikapoza, nikakoroga, mtoto akanywa. Maji yaliyobaki nikatia majani ya chai na mchaichai wa Bi Mize, nikampelekea Bwana Said wa Vitongoji kikombe.

"Kunywa bomu," nikamwambia.

Watu wakacheka, na yeye akanywa, kwa vile kukataa kungekuwa aibu zaidi. Lakini dereva hakutaka kuturudisha garini. Akasema huenda si bomu leo. Makame Ali, Mungu ampe, alituteremshia kifurushi chetu cha nguo, akanong'ona kwamba gari la Mkoani litapita baada ya adhuhuri.

Nikaingia nyumba ya karibu kutia udhu na kusali, Bi Mize akabaki na mtoto na pakacha. Niliporudi alikuwa amekaa kitako, ametulia sana, amempakata Omari. Mdomo wake ulikuwa hautafuni. Toka Kiuyu ndiyo mara ya kwanza. Nikadhani ubani umekwisha utamu, kautema.

Mizingani, na banda la barabarani

Tulishuka Mizingani mchana umeanza kuzeeka. Kutoka hapo mpaka Wambaa ni miguu. Mvua ilirudi kama iliyosahau kitu kwetu. Mbele tukakuta kijito kimefura, maji ya udongo yapita na magogo, na watu wanaokwenda Wambaa wamesharudi majumbani. Pembeni palikuwa na banda la makuti la walinzi wa karafuu, halina kuta. Ndani alikuwa mwanamke na mtoto wa kike kifuani, na gari lao la ng'ombe limezama gurudumu. Mwendesha gari, Mzee Haji, alikuwa amekwenda juu ya kijito kutafuta pa kuvukia.

Nilimwangalia mwanamke yule kabla sijamsalimia. Buibui zuri, dhahabu ya masikio, Kiswahili cha watu wa mashamba makubwa. Mwarabu. Na yeye aliniangalia mimi na pakacha langu. Tukasalimiana kwa heshima zote, kila mmoja akakaa upande wake wa banda.

Omari akaamka. Nikatoa jiko, nikatia maji, nikafungua. Sikusikia kitu. Nikafungua zaidi. Hamna nyoka, hamna upepo. Kibiriti kikaungua mpaka vidoleni. Nikajaribu cha pili, cha tatu, kisha nikaacha kwa kuogopa kuvimaliza. Nikalitikisa. Kimya, kama lilivyokuwa kimya dukani.

Hapo nikamwona Bwana Nanji mbele yangu akicheka. Kaniuzia kopo lenye pumzi mbili tu. Au Makame Ali kalifungua pale Chake nilipokuwa nagombana na dereva. Au Bwana Said wa Vitongoji. Wote nikawapitisha mmoja mmoja. Bi Mize alinambia labda ndiyo salama yetu, na mimi nikamwambia anyamaze. Mzee Haji akarudi, akajaribu kuwasha makuti ya banda lenyewe, yamelowa mpaka ndani. Mtoto akalia. Kisha sauti ikaanza kupungua, kama siku ile ya Konde.

Yule mwanamke hakusogea. Alisema tu, kutoka upande wake:

"Bibi, mimi maziwa ninayo."

Nikamvuta Omari kifuani. Omari alifungua mdomo na sauti haikutoka.

"Najua unachoogopa," akasema. "Mimi pia ningeogopa. Basi niulize. Niulize yote, mimi nitajibu, kisha unipe mtoto."

Nikamuuliza. Nani wewe? Zuwena binti Seif, wa Mizingani ndani. Mumeo? Khalfan bin Nassor. Wanao? Nassor, Thuwaini, na huyu wa kifuani, Salha. Uliwahi kumnyonyesha mwingine? Mmoja, mtoto wa dada yangu, Abdalla. Nikayarudia yote, na yeye akanisahihisha, maana Thuwaini nilimwita Thabit. Kisha akaniuliza yeye: na huyu ni nani? Nikamwambia Omari bin Juma Shaame, mama yake Asha, marehemu. Akasema jina la Asha mara mbili, taratibu, kama anayelifunga kwenye ncha ya kanga. Nikanyoosha mikono.

Alikunywa, jamani. Mpaka jasho likamtoka puani.

Kijito hakikushuka siku ile, wala asubuhi yake. Tulilala banda lile sote, tukala halua aliyokuwa nayo Zuwena na mkate wetu wa ajemi uliolowa. Kila Omari alipolia alimchukua bila kuniuliza tena, Salha huku, Omari huku. Mara moja nilimkuta kasinzia na wote wawili, na mimi nikakaa macho nikimlinda asije akawaangusha. Nilitaka kuendelea kumshuku, nikajitahidi kweli. Sikupata pa kushika.

Alasiri maji yakapungua. Mzee Haji akatuvusha kwa gari lake. Kuagana, Zuwena alinambia, "Usimfiche kwetu." Nikamwambia na wewe usimfiche kwako.

Wambaa

Raya alitupokea analia, akamchukua Omari, na Omari akanyonya kama aliyezaliwa hapo. Juma alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Nilipomaliza kumwambia habari za kumzika Asha, ambazo hakuna wa kunisaidia kuzisema, nikamtolea kopo la Bwana Nanji. Nikamwambia nitarudi nalo Wete nimpigie nalo mezani, na soko zima lisikie.

Juma akaligeuza, akalichungulia kwenye mwanga. Macho yake ni ya kijana. Akasema, mama, vitundu vimezibwa. Kumbe kichwa kizima kimefungwa kwa kitu cheupe, kimekandamizwa kwa kidole, kikauma. Mimi macho yangu hayakukiona. Akaomba sindano kwa Raya, akaanza kuchokoa. Akafungua. Sssss. Akawasha, na moto wa samawati ukasimama.

Na chumba kizima kikanukia ubani.

Mimi nikageuka nikamtazama wifi yangu. Alikuwa akitazama mkeka.

"Nilimfunga," akasema.

"Ulimfunga nani?"

"Huyo wa ndani. Mwenyewe mwenye duka kasema ni pepo, husubiri. Mtoto kafiwa na mama, wifi. Nikaona huyu anasubiri nini kama si mtoto? Ubani niliusomea Chake ulipokwenda kusali. Nikamfunga."

Nilikuwa na maneno mengi, na mengine nyie hamjawahi kuyasikia kinywani mwangu. Nilikuwa nimeshuku mwenye duka, utingo, abiria, mke wa mshona viatu na Mwarabu wa banda. Huyu aliyelala ubavuni mwangu sikumfikiria hata mara moja. Lakini mikono yake imezeeka kama yangu. Juma ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika mguu kwa maumivu. Nilichemsha maji, nikampa Bi Mize chai. Alikataa kuinywa kwa kuwa imechemshwa kwa moto ule, na mpaka leo hainywi.

Kesho yake nikamwendea Shehe Hamadi wa msikiti wao, nikamweleza ya banda. Akauliza mtoto alinyonya mara ngapi akashiba. Nikamwambia sikuhesabu, ila tulikaa pale kutoka jioni mpaka alasiri ya siku ya pili, na kila alipolia alipewa. Akasema basi, hapana shaka, huyo ni mama yake.

Ndiyo hayo. Na jiko la pepo lipo kwangu, Juma alinambia nirudi nalo, anayetaka kuliona aje na asilisomee kitu. Bwana Nanji nilimpitia Wete nikamsalimia, hakujua kwa nini nimemsalimia kwa upole vile.

Lakini sikuandika kwa sababu ya jiko. Nyie watatu mna wajukuu, na wao wana masikio. Mimi nikishatangulia, na Omari akija kuuliza, mwambieni. Mama zake ni watatu: Asha aliyemzaa, Raya wa Wambaa, na Zuwena binti Seif wa Mizingani ndani, mke wa Khalfan bin Nassor. Nassor ni kaka yake. Thuwaini ni kaka yake, si Thabit. Abdalla wa dada yake Zuwena ni kaka yake. Na Salha, hata akiwa mzuri namna gani, ni dada yake. Yasomeni tena majina hayo, kwa sauti, ili niyasikie nikiwa bado nipo.